London Ndo Iliyokuwa Inapiga

Haya. Mliosikiliza kipindi cha kubipu mnakumbuka tulivyocheka. Shangazi yuko Mombasa, ana salio la kubahatisha, anabipu mara moja, anakata. Huku Alum Rock mama anatoa pauni tano: "Kimbia dukani, lete kadi." Unakwangua zile namba, unaziingiza moja moja, yule dada wa kwenye mashine anakwambia una dakika ngapi, na kila mtu nyumbani anajua dakika hizo hazitafika. Sheria haikuandikwa mahali, lakini hakuna aliyeivunja. Wa kule anabipu, wa huku anapiga.

Nilisema kwenye kipindi kwamba sheria hiyo ni ya zamani kuliko simu za mkononi, na wengine mkaandika kuniuliza namaanisha nini. Nilimaanisha kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla Nairobi haijawa na kampuni hata moja ya intaneti, kulikuwa na kompyuta London iliyokuwa ikiipigia simu kompyuta ya Nairobi, halafu ya Kampala, halafu nyingine. Simu ya kawaida kabisa, ya waya. Zinasalimiana kwa mlio, zinapeana barua, zinakata. Kesho tena.

Niliisoma hadithi hii mara kadhaa bila kuielewa vizuri, mpaka nilipojenga ubao wangu mwenyewe chumba cha nyuma.

Kwanza, ubao ni nini. Waingereza na Wamarekani waliuita BBS, yaani ubao wa matangazo, kama ule wa msikitini au wa chuoni, ila uko ndani ya kompyuta ya mtu. Unaipigia simu kompyuta hiyo kwa modemu, inapokea, unaandika jina na neno la siri, unasoma walichoandika wenzako, unajibu, unakata ili mwingine apate nafasi. Wa kwanza ulianza Chicago Februari 1978. Ward Christensen na Randy Suess waliujenga baada ya theluji nzito kuwafungia ndani. Marekani ulienea upesi kwa sababu watu wengi hawakutozwa kwa dakika wakipiga simu za mji wao. Unaweza kukaa hewani usiku kucha.

Hapa Uingereza ilikuwa kasheshe. Simu ya mtaa wa pili ilihesabiwa dakika kwa dakika, kwa hiyo watu walisubiri jioni na wikendi, bei ishuke. Modemu nayo ilitakiwa iwe na kibandiko cha duara la kijani kuonyesha imeidhinishwa. Zisizoidhinishwa zilibandikwa pembetatu nyekundu, ziliuzwa hivyo hivyo, na watu walizinunua hivyo hivyo. Halafu tarehe 16 Aprili 1995 namba za miji zikaongezewa tarakimu, Birmingham ikatoka 021 ikawa 0121, na orodha zote za mbao zilizochapwa kabla ya hapo zikawa na namba za zamani.

Sasa mashine. Ninayo 486 yenye memori ya megabaiti 8, inatumia DOS. Na DOS, kwa ambao hamkuikuta, ni mfumo wa programu moja kwa wakati mmoja. Ukiwasha ubao, kompyuta ni ubao, basi. Inakaa inasubiri simu. Ukitaka kuandika barua yako wewe mwenye mashine, uzime ubao kwanza, na anayepiga wakati huo asikie simu inalia tu bila kupokelewa. Leo simu yako inacheza muziki, inapokea WhatsApp na kukuonyesha ramani kwa pamoja, wala huoni ajabu. Wakati ule mwenye ubao alikuwa na njia mbili: anunue kompyuta ya pili, au atafute programu ya kuigawa ile moja.

Programu hiyo niliyoweka mimi inaitwa DESQview, ya kampuni ya Quarterdeck, iliyotoka mwaka 1985. Inachukua prosesa na kuigawa muda: dirisha hili kidogo, lile kidogo, haraka haraka, mpaka kila programu inadhani iko peke yake. Prosesa ya 386 na zilizofuata zina uwezo wa kujifanya kompyuta kadhaa ndogo za zamani kwa wakati mmoja, na hapo ndo DESQview inapata nguvu. Kwenye dirisha la kwanza ubao unasubiri simu. Kwenye la pili naandika. La tatu linafungasha barua za kutoka.

Mara ya kwanza haikufanya kazi. Ubao ulipokea, lakini barua zilikuja na mashimo. Mtu ameandika "habari za asubuhi", mimi napata "habri z asuhi". Nikalaumu modemu, nikalaumu waya, nikanunua waya mwingine bure. Kumbe kosa lilikuwa kwenye chipu moja ndogo inayopokea herufi kutoka kwa modemu. Chipu za kwanza zilikuwa na nafasi ya kushika herufi moja tu. Prosesa ikichelewa kidogo, iko kwenye dirisha jingine, herufi ya pili inafika na kuifuta ya kwanza. Chipu iliyokuja baadaye, 16550, inaweza kushika herufi 16 zikisubiri. Niliibadilisha, mashimo yakaisha. Nasimulia hili kwa sababu watu waliokuwa wakiendesha mbao hizi Nairobi na Kampala walitakiwa kujua mambo ya namna hii kwa vidole vyao, na mimi niliyajua baada ya wiki tatu nikiwa na intaneti nzima ya kuniuliza maswali.

Turudi kwenye simu za usiku. Mwaka 1984 Tom Jennings, wa San Francisco, aliandika programu ya ubao aliyoiita Fido, halafu akaongeza kitu kilichobadilisha mambo: mbao zipigiane zenyewe. Wewe unaandika barua mchana kwenye ubao wa mji wako, bure au kwa bei ndogo. Usiku, watu wamelala na simu ni rahisi, ubao wako unaupigia ubao wa mji mwingine na kuipeleka pamoja na za wenzako. Mtandao huo ukaitwa FidoNet. Kila ubao ulipewa anwani ya namba: kanda, kundi, na ubao wenyewe. Kanda ya 1 Marekani Kaskazini, ya 2 Ulaya, na ya 5 ni Afrika. Kila kanda ilikuwa na saa yake ya posta, ambayo ubao haupokei watu, unapokea mbao wenzake tu. Ulaya ilianza saa nane na nusu usiku kwa saa ya Uingereza wakati wa baridi. Nairobi wakati huo ni saa kumi na moja na nusu, watu wanaamkia swala. Katikati ya miaka ya 1990 FidoNet ilikuwa na mbao zaidi ya 30,000 duniani, nyingi zikiwa za watu binafsi kwenye vyumba vyao, na hakuna aliyekuwa bosi wa wote.

Wengi walioandika historia ya FidoNet waliishia hapo, wakaona ni mchezo wa wapenda kompyuta. Kwetu haukuwa mchezo.

Nairobi kulikuwa na shirika lililoitwa ELCI, lililoanzishwa miaka ya 1970 ili mashirika ya mazingira yapate njia ya kuongea na UNEP, ambayo makao yake makuu yako Nairobi. ELCI ikaendesha ubao wa FidoNet. Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kikawa na wa kwake ulioitwa MUKLA, na jina linalotajwa pale ni Charles Musisi. Addis Ababa ulikuwepo kwenye Tume ya Uchumi ya Afrika, PADIS. Halafu kukawa na mradi wa ESANET, uliolipiwa na IDRC ya Canada, uliotaka vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe viweze kuandikiana kwa kompyuta. Mtu mmoja aliyezunguka bara akisaidia kufunga mbao hizi na kufundisha ni Mike Jensen.

Hebu fikiria hivyo vyuo vitatu vya kwetu. Kuanzia 1963 hadi 1970 Makerere, Nairobi na Dar vilikuwa chuo kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Posta na simu nazo zilikuwa shirika moja la nchi tatu, mpaka Jumuiya ilipovunjika 1977 na kila nchi ikaondoka na vipande vyake. Miaka kumi na tano baadaye wahadhiri waliokuwa wa chuo kimoja wanatafuta mradi wa nje ili waandikiane barua. Mimi hapo huwa nasimama kidogo.

Upande wa pili wa waya ulikuwa London, kwenye shirika la GreenNet, lililoanza miaka ya 1980 likihudumia wanaharakati wa mazingira na amani. GreenNet walikuwa na mashine kubwa zilizounganishwa na mitandao ya dunia, na pembeni wakaweka lango la kuzungumza na mbao za FidoNet, GnFido. Aliyelishughulikia lango hilo miaka hiyo ni Karen Banks, ambaye mwaka 2013 aliingizwa kwenye orodha ya heshima ya waliojenga intaneti, Internet Hall of Fame. Lango lilihudumia Afrika, Asia ya Kusini na nchi za Ulaya Mashariki. Kazi yake ni kama mkalimani wa posta: barua ya Fido inaingia, inabadilishwa sura, inatoka kama barua pepe ya kawaida kwenda popote duniani. Ndo maana mwalimu wa Makerere aliweza kuwa na anwani inayoishia na mukla.gn.apc.org, na mtu wa Addis padis.gn.apc.org. Hiyo gn ni GreenNet. Apc ni muungano wa mashirika ya namna hiyo, ulioundwa 1990, na ndio walioweka kompyuta za mawasiliano kwenye mkutano mkubwa wa mazingira wa Rio mwaka 1992.

Sasa swali letu: nani anapiga? Ingewezekana Nairobi ipige London. Programu haijali. Lakini simu ya nje kutoka Afrika Mashariki ilikuwa ghali mara kadhaa kuliko ile ile ikitoka Uingereza, na kupata laini ya nje kwenyewe kulikuwa bahati. Kwa hiyo London ikapiga. Lango la GreenNet lilipiga kwa zamu, mbao moja baada ya nyingine, linaacha za kuletwa na kuchukua za kupelekwa, simu moja kwa kazi zote mbili, na gharama zikagawanywa baadaye. Nilipoielewa hii niliita nyumba nzima. Mama akasema, "Kwani wewe ulidhani kadi zimeanza na sisi?"

Hesabu yenyewe ni tamu. Modemu ya biti 2,400 kwa sekunde inapitisha herufi kama 240 kwa sekunde. Barua ya herufi 2,400, karibu ukurasa mmoja, ni sekunde kumi. Lakini Fido haipeleki barua wazi, inazifungasha kwanza kwa kuzibana, na maandishi ya kawaida yakibanwa yanapungua nusu au zaidi. Kwa hiyo ukurasa unavuka bahari kwa sekunde tano hivi. Faksi ya ukurasa huo huo ilikula karibu dakika nzima. Watu wa mashirika madogo waliokuwa wakilipa bili za faksi na teleksi hawakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Laini mbovu ndo ilikuwa adui. Modemu inasikia mlio, ikisikia na mikwaruzo inaandika takataka, na simu ikikatika katikati umelipia hewa. Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ZMODEM, aliyoitengeneza Chuck Forsberg mwaka 1986, ambayo simu ikikatika inakumbuka ilipofika na kuendelea kutoka hapo, haianzi upya. Ya pili ni modemu za Telebit zinazoitwa TrailBlazer. Hizi zinaigawa sauti ya simu kwenye njia nyembamba mia tano na ushee, zinapima kila njia, na zile zenye kelele zinaziacha. Kila laini inapata mwendo inaoweza kuubeba, hata kama ni mdogo. Zilikuwa ghali sana, na zilisifika hasa mahali ambapo simu ilikuwa na kelele. Nina moja, nilipewa na mzee aliyekuwa anahama nyumba. Niliikwaruzia waya kwa makusudi. Ilipunguza mwendo, ikaendelea.

Madaktari walikuwa na njia nyingine pia. Bernard Lown, daktari wa moyo wa Marekani ambaye shirika lake la madaktari wanaopinga silaha za nyuklia lilipata Nobel ya Amani 1985, alianzisha SatelLife, na mtandao wake ukaitwa HealthNet. Walitumia setilaiti ndogo iliyojengwa Chuo Kikuu cha Surrey, hapa hapa Uingereza, ikarushwa Januari 1990. Setilaiti hiyo haikusimama mahali pamoja angani. Ilipita juu ya kichwa chako mara chache kwa siku kwa dakika kadhaa, unairushia barua, inakwenda nazo, inazishusha inapopita juu ya kituo kingine. Yaani ubao unaozunguka dunia. Muhimbili, Dar es Salaam, ilikuwa na HealthNet. Chini, kwenye kompyuta za mezani, programu zilikuwa zile zile za Fido, na polepole simu ikachukua nafasi ya setilaiti kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi.

Na Tanzania ndiyo nchi iliyopiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, marufuku iliyolegezwa miaka ya 1980. Tukihesabu kutoka hapo hadi barua pepe za Muhimbili, ni muda mfupi mno. Kwa hiyo mtu akiniambia Afrika Mashariki "ilichelewa" kuingia mtandaoni, namuuliza, ilichelewa kuliko nani? Mwaka 1991 nyumba ngapi za Alum Rock zilikuwa na barua pepe?

Lakini sitaki kuwapamba. Anayepiga ndiye mwenye ratiba. Mashine ya London ikiharibika, au fedha ya mradi ikiisha, Kampala inakaa na barua zake kwenye diski. Na pale ambapo mbao mbili za Afrika zote zilitegemea simu ya London, barua kutoka moja kwenda nyingine ililala London kwanza, hata kama wenyewe wako mwendo wa basi wa siku moja. Waliofanya kazi hiyo walilijua tatizo. Ndio maana ESANET ilitaka vyuo vishikane vyenyewe, na ndio maana watu walewale wa Fido unawakuta kwenye hatua iliyofuata. Jina la .ke lilisajiliwa 1993, .ug na .tz mwaka 1995. Charles Musisi wa MUKLA ndiye aliyeendelea kuisimamia .ug. Nairobi, Shem Ochuodho wa kituo cha ARCC alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuza huduma ya intaneti, 1995, na Africa Online ya vijana wa Kikenya waliosomea Marekani ikaja wakati huo huo. Hawakutoka hewani. Walikuwepo watu ambao tayari walijua modemu inasemaje.

Mimi naona hivyo ndivyo ilivyo hata kwa kadi za simu. Hatukuwa wafadhili. Shangazi alikuwa na habari, sisi tulikuwa na bei nafuu, na bila yeye kubipu tusingejua kuna cha kuongea. Mnaweza kunipinga kwenye kipindi kijacho, najua mmoja wenu atanipinga.

Ubao wangu haupokei simu za nje. Laini ya nyumbani imeshageuzwa ya kidijitali, na sauti inayopita kwenye intaneti inaikatakata milio ya modemu mpaka hazielewani. Mpango wa nchi nzima ni kuzima simu za waya wa zamani Januari 2027. Kwa hiyo nimetumia kisanduku cha simu za ndani za ofisi, kompyuta mbili zinapigiana kutoka chumba cha nyuma hadi sebuleni. Binamu yangu wa miaka kumi na mmoja anaupigia kila Jumamosi. Analipenda dirisha la tatu, lile linalofungasha barua, kwa sababu anaona asilimia zinapanda.

Lango la London lilizimwa wakati muongo ule unaelekea ukingoni, intaneti ya kawaida ilipofika. Mbao zikafuata, moja moja. Anwani zake ndo zimebaki, chini ya makala za utafiti na majarida ya zamani ya mashirika. Kama mzazi wako, au mjomba, alikuwa Makerere, Muhimbili, Chuo Kikuu cha Dar au Nairobi kati ya 1990 na 1996, muulize kama aliwahi kuwa na anwani inayoishia gn.apc.org. Muulize pia nani alikuwa na ufunguo wa kile chumba cha kompyuta, na usiku umeme ukikatika nani aliitwa. Mkipata jibu, turekodieni ujumbe wa sauti, hata kama mzee anakohoa katikati. Tutauweka kwenye kipindi.